Robota la mitumba kwenye bustani ya Kassel: tafsiri inaanzia wapi?

Swali: Shikamoo dada. Nasoma sanaa, mwaka wa pili, nyumbani ni Moshi. Tumepewa zoezi la kueleza jinsi kazi moja ya instalesheni (sanaa ya vitu vilivyopangwa mahali ili mtazamaji aingie kati yake) inavyozungumzia jamii ya leo. Nimechagua nyumba ya marobota ya mitumba, Return to Sender, ambayo The Nest Collective wa Nairobi waliisimika kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022. Niliandika kwamba "inaonyesha athari za utandawazi na uchafuzi wa mazingira". Mwalimu akaandika pembeni: "Hilo waweza kulisema kuhusu kazi yoyote." Nitajuaje kama tafsiri yangu ina mashiko, au nimeibandikia kazi maneno tu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Sentensi yako haina uongo, ila ungeweza kuiandika hata bila kuitazama kazi yenyewe. Mwalimu ameona hilo. Ulianza na jamii, kisha ukaishukia kazi. Geuza njia: anza na kitu kilichosimama pale, na ukae nacho muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha.

Kilichosimama pale ni robota. Nguo zimeshindiliwa kwa mashine hadi zikawa tofali, zikafungwa kwa mikanda. Ukisogea unaona mkono wa shati umechomoza hapa, ukosi pale, rangi zimebanana hata hujui ipi ni suruali na ipi ni shuka. Marobota hayo yamepangwa kuwa kuta, na mtazamaji anaingia ndani, ambako filamu inaonyeshwa na watu wanaeleza biashara ya mitumba na taka zake. Hapa ndipo instalesheni inapoachana na mchoro wa ukutani, kwa sababu mwili wako ni sehemu ya kazi. Msanii Olafur Eliasson alipoweka vipande 12 vya barafu ya Greenland mbele ya jengo la Panthéon, Paris, Desemba 2015, watu waliigusa na kuikumbatia huku ikiyeyuka mikononi mwao. Kwa hiyo uliza mapema: kazi hii inanifanya nisimame wapi, na niwe nani?

Kwenye hili wewe wa Moshi una mtaji ambao wachambuzi wengi wa Ulaya hawana. Unalijua soko la mitumba la Memorial. Unajua mfanyabiashara ananunua robota likiwa limefungwa. Halichungulii. Analipa kwanza, anakata mikanda, ndipo anajua kama amepata nguo za daraja la kwanza au matambara. Soko la Gikomba, Nairobi, wana majina yao: za juu kabisa ni "kamera", za mwisho ni "fagia". Mama yangu mdogo aliuza mitumba soko la Karume, Dar es Salaam, miaka mingi, na siku ya kufungua robota alikuwa haongei na mtu mpaka auone moyo wa mzigo. Hasara yote iliyofichwa humo ilikuwa yake, na aliyeufunga mzigo alikuwa ameshalipwa.

Sasa rudi Kassel. Marobota ya kuta zile hayajafunguliwa. Mgeni wa maonyesho haruhusiwi kujua kilichomo, lakini yamemzunguka pande zote, na sauti zinazomfikia ni za watu wa upande unaopokea. Amewekwa kwenye nafasi ya mama yangu mdogo. Kwangu mimi huo ndio msumari wa kazi hii, na hauonekani kwa mtu anayedhani robota ni "alama ya uchafuzi" tu. Robota si alama ya kitu kingine, ni mzigo wenyewe. Hata neno letu linasema hivyo: mtumba ni furushi, bunda lililofungwa. Tumeiita nguo kwa jina la kifungashio chake.

Jina la kazi nalo ni agizo la posta: mzigo urudi kwa aliyeutuma. Liweke kando ya jina la zamani la nguo hizi huku kwetu, "kafa Ulaya", na utasikia zinavyojibizana.

Kisha mahali. Kazi ilisimama kwenye nyasi za bustani ya Karlsaue, mbele ya Orangerie, jumba la kifahari la mwanzoni mwa karne ya 18. Majumba ya aina hiyo yalijengwa ili michungwa na mimea mingine ya nchi za joto ikae salama wakati wa baridi. Kitu cha mbali kiliandaliwa kasri! Marobota yakawekwa mbele ya macho ya kasri hilo. Mahali peke pake hapatoshi kujenga hoja, ila panaitia nguvu ile uliyoijenga tayari kwa mzigo na mwili.

Kupima tafsiri, mimi hufanya jambo moja: nabadilisha kitu kimoja kichwani na kuangalia kama maneno yangu yanaanguka. Weka maboksi matupu yaliyochorwa nguo badala ya marobota. Sentensi yako ya utandawazi bado imesimama, kwa hiyo haikuwa imeshika kazi. Hoja ya mzigo uliofungwa inaanguka papo hapo. Hiyo ndiyo yenye mashiko. Au hamishia nyumba hiyo Memorial. Kesho yake wateja wangekuja kuuliza bei, na wangekuwa sahihi kabisa.

Usikwepe kinachokupinga. Mitumba inasomesha watoto na inavisha watu kwa heshima. Ukiandika kana kwamba ni laana tupu, utakuwa umewasahau watu wako. Weka na historia: mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa ifikapo 2019. Marekani ikatishia kufuta nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru chini ya AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika. Nchi nyingine zilirudi nyuma, Rwanda ikashikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Ukilijua hilo, "rudisha kwa aliyetuma" inakuwa sentensi ambayo serikali zilijaribu kuitamka, nyingi zikashindwa, na wasanii wakaitamka kwenye uwanja wa aliyetuma.

Kuhusu maelezo ya wasanii: yasome, lakini baada ya kuandika unachokiona. Ukianza nayo utaishia kuyanakili.

Kwa hiyo futa ile sentensi ya kwanza. Jaribu kitu kama hiki, kwa maneno yako: "Kwa kumwingiza mtazamaji wa Ulaya ndani ya marobota yasiyofunguliwa, kazi hii inamkabidhi hatari ambayo kwa kawaida hubebwa na mnunuzi wa Gikomba au Memorial." Mwalimu anaweza kuibishia hiyo, na ukurasa wako wote unaofuata utakuwa wa kumjibu. Kabla hujauandika, nenda Memorial alfajiri siku mzigo unapofunguliwa, omba ruhusa, usimame kando. Tazama mikono ya anayekata mikanda, na uso wake nguo ya kwanza inapotoka.