Mwiko, marufuku au haramu?

SWALI: Mhariri, mwanafunzi wangu kaandika kuhusu kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda: "Msitu wa kaya ni marufuku." Mwenzake kamsahihisha: "ni mwiko". Wa tatu akashikilia "ni haramu". Nimpe nani alama? – Mwalimu, Kwale

JIBU: Mwalimu, wa pili amekaribia, ila wote watatu wameupachika msitu neno la tendo. Msitu wenyewe si mwiko. Mwiko ni kukata mti humo. Aandike "Ni mwiko kukata mti kayani" au "Kaya ina miiko yake." Mahali penyewe paitwe patakatifu.

Kuchagua neno, uliza anayekataza ni nani. Mila ikikataza, ni mwiko. Serikali au mwenye mamlaka akikataza, ni marufuku, na ndiyo maana tunasema "kupiga marufuku": lazima awepo wa kupiga. Dini ikikataza, ni haramu. Magazeti yamelivuta neno hili hadi kwenye sheria ("silaha haramu", "biashara haramu") na limeshazoeleka, halirudi tena. Chakula kinachokataliwa na mwili ni mzio, si mwiko.

Huko kwenu Kaya Kinondo, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni na hatoki na kitu, hata kijiti kikavu. Hiyo ni miiko, na wenyewe ni wazee wa kaya. Lakini tangu 1992 kaya zilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za kitaifa, kwa hiyo mkata mti yule yule amevunja mwiko mbele ya wazee na kutenda lililo marufuku mbele ya hakimu.

Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania, nalo liliweka masharti yanayojulikana kama "miiko ya uongozi". Kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi, asimiliki nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Neno "marufuku" lingetosha kisheria, ila mwiko humfuata mtu hata pasipo na askari.

Sarufi: mwiko huu, miiko hii. Mwiko "huvunjwa" au "hukiukwa". Ukisikia "mwiko umevunjika", huenda ni ule wa kusongea ugali. "Haramu" na "marufuku" hayabadiliki: mali haramu, vitu haramu. Usiandike "maharamu".