Swali la lugha: jagi kuukuu, jagi kongwe au jagi la zamani?

SWALI: Nilipokuwa Ujerumani nilinunua jagi kwenye soko la mitumba kando ya mto Main, mjini Frankfurt. Ni la kijivu, lina maua ya buluu, na wenyeji hutilia humo mvinyo wa tufaha. Wao huliita Bembel. Nikatuma picha kwenye kundi la familia na kuandika: "Jagi kuukuu la mvinyo wa kauri." Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu, akanijibu kwamba nimelitukana jagi, na mvinyo nao nimeufanya chombo. Ningeandikaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Shemeji yako amesema kweli, ingawa kwenye hilo la tusi amekuwa mkali kidogo. Tuanze na mvinyo, maana hapo kosa ni la sarufi.

Ile -a unganifu (la, wa, ya) hufuata ngeli ya nomino inayoelezwa. Jagi ni la ngeli ya LI-YA, kwa hiyo "la". Mvinyo ni wa U-I, kwa hiyo "wa". Ukishaandika "mvinyo wa kauri", msomaji hana njia: kauri imeshikamana na mvinyo, jagi limeachwa nyuma. Ulitaka "jagi la kauri la mvinyo". Ndivyo ilivyo pia kwa umri: "jagi la mvinyo la zamani" ni chombo cha zamani, ila "jagi la mvinyo wa zamani" laweza kuwa limetoka dukani leo asubuhi, kilichokaa miaka ni kinywaji. Herufi moja tu, L au W, ndiyo inayoamua.

Na hapo una bahati, kwa sababu ngeli ni mbili tofauti. Chukua "chupa ya divai ya zamani". Chupa ni ya I-ZI, divai ni ya I-ZI, "ya" zote mbili zinafanana, na hakuna awezaye kukuambia kama kizee ni chupa au ni divai. Dawa yake ni mpangilio: sifa ya chupa isogezwe karibu na chupa, "chupa ya zamani ya divai". Wale wasemao "jagi ya mvinyo", na mitaani tunawasikia kila siku, wanajinyima msaada huo wa L na W bila kujua.

Kuna jambo jingine ambalo shemeji hakuligusa. "Jagi la mvinyo" ni jagi lililojaa au ni jagi lililotengenezwa kwa kazi hiyo? Ukimwambia mhudumu akuletee jagi la mvinyo, akileta tupu utamshangaa. Ukitaka kutaja kazi ya chombo, tumia kauli ya kutendea: jagi la kutilia mvinyo, au la kumiminia. Usiseme "la kunywea", maana Frankfurt hakuna anywaye kwenye Bembel lenyewe. Humiminwa kwenye bilauri yenye michoro ya miraba iliyochongwa ubavuni, na hiyo bilauri ndiyo ya kunywea.

Sasa "kuukuu". Neno hili tumelizoea kwenye nguo na viatu, vitu vilivyochakaa kwa kutumika, kwa hiyo anayesoma "jagi kuukuu" huona mkono uliovunjika na ufa kwenye kitako. Lakini si tusi moja kwa moja. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na hapo kuukuu ndicho kinachosifiwa. Kwa jagi zima lisilo na ufa, ningelikwepa hata hivyo. "Kongwe" lina heshima zaidi, ndilo lililoupa Mji Mkongwe wa Zanzibar jina lake, lakini linadai umri mkubwa. (Kumbuka upatanisho: jagi kongwe, majagi makongwe.) "La kale" linatupeleka mbali zaidi, kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na kazi za watu wa Mambo ya Kale. Chombo cha miaka hamsini au sitini hakijafika huko. "La zamani" ndilo linalokaa sawasawa. Lina upande wake wa pili, kwani mume wa zamani si mume mzee bali aliyeachwa, lakini sijawahi kusikia mtu akiachana na jagi.

Kauri nalo litazamwe. Wengine huandika kaure. Pwani neno hili hukumbusha vyombo laini vinavyong'aa, kama bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi. Bembel halina ulaini huo. Asili yake ni mafundi wa Westerwald, eneo la Ujerumani, hasa mji wa Höhr-Grenzhausen: udongo huchomwa kwa moto unaopita nyuzi 1,200 za Selsiasi, kisha chumvi hutupwa ndani ya tanuri. Mvuke wake huungana na silika, madini ya mchanga yaliyomo kwenye udongo, na kuacha ngozi ngumu yenye vijitundu kama ganda la chungwa. Pitisha kidole kwenye tumbo la jagi lako utaihisi. Ule ubuluu ni rangi ya madini ya kobalti. Ningekubali "kauri", kwa sababu "jagi la udongo" litamfanya msomaji afikirie gudulia, ambalo huvuja jasho ili kupoza maji; hili halivuji. "Gudulia" lenyewe halifai pia: shingo yake ni nyembamba, na Bembel lina mkono mmoja na mdomo mpana uliofinywa mbele ili kumiminia.

Basi andika: "Jagi la zamani la kauri, la kumiminia mvinyo wa tufaha." Mvinyo hapa ni sahihi, hatuufungi kwenye zabibu, mbona tunao wa rozela. Divai ningeiachia zabibu na altare.

Ukipenda kubaki na jina la wenyeji, sema "Bembel hili", kwa kuwa akilini ni jagi. "Bembel hii" nayo haina kosa. Kule Frankfurt, Bembel hupimwa kwa idadi ya bilauri linazojaza, kwa hiyo siku ukirudi sokoni uliza Bembel la bilauri ngapi: la nne, la nane, au zaidi. Na hiyo "la", ukiiangalia, bado ni ya jagi.