Aliyebeba ndafu alisomea maigizo

Kama umewahi kwenda harusini Bagamoyo ukaona kijana wa shati jeupe na tai ya kipepeo akiingiza ndafu ukumbini kwa mbwembwe, kiuno hakitulii, huenda ulikuwa unanitazama mimi. Nilimaliza TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wazee wa mji wanaiita mpaka leo Chuo cha Sanaa, jina ililoanza nalo mwaka 1981. Nilitoka pale na cheti na sauti ya kufika viti vya nyuma bila kipaza. Kazi ya kuigiza ikachelewa, kodi ya chumba haikuchelewa. Nikaenda kwa mama mmoja mpishi wa shughuli, nikaanza deiwaka.

Wamarekani walishaligeuza jambo hili kichekesho cha televisheni. Party Down, kilichoanza kurushwa 2009, kinahusu waigizaji waliokwama Los Angeles wakawa wahudumu wa sherehe, kila kipindi na sherehe yake, tai za waridi shingoni. Nilicheka mpaka nilipomwelewa Henry, yule ambaye watu wanamkumbuka kwa mstari mmoja tu wa tangazo la bia. Mimi niliwahi kuigiza mganga kwenye Tamasha la Bagamoyo. Basi nikipita na sinia, kuna meza haikosi kupiga kelele: "Mganga! Huku soda hazijafika!"

Wewe unayeanza, usijifiche. Miezi ya kwanza nilikuwa nikiona sura ya chuoni nakimbilia nyuma ya kreti. Siku moja aliyekuwa mwalimu wangu wa uigizaji akanifuata hukohuko. Nikamwamkia huku natazama viatu vyangu. "Marahaba," akasema. "Meza yetu kachumbari imeisha." Akarudi kukaa. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya nusu saa.

Ila jambo ninalotaka hasa ulishike ni la pesa. Kuna Jumamosi mshereheshaji alikwama njiani, maharusi wako mlangoni, wapambe wamechoka kusimama. Mama akanivuta mkono: "Mwanangu, wewe si ulisomea hayo? Hebu waongeleshe watu." Nikashika kipaza karibu saa nzima. Nikawatambulisha wajomba na mashangazi, nikawanyanyua mpaka wale wa kamati waliokuwa wamenuna kwa sababu ya michango. Kisha nikavua koti la kuazimwa, nikaenda kubeba ndafu, maana ndiyo kazi iliyonileta. Ndafu ukicheza nayo mikono juu, mafuta yanashuka. Yanaanzia kiganjani, yanaingia kwenye mkono wa shati, yanafika kwapani, na wewe unatabasamu kwa sababu kamera iko mbele yako.

Saa nane usiku tukapanga foleni ya malipo. Nikapewa elfu ishirini, sawa na kila mhudumu, ikakatwa elfu mbili ya glasi iliyovunjika kwenye meza zangu wakati mimi niko jukwaani! Nililala na hasira wiki nzima. Baadaye nikakubali kwamba mama hakuniibia. Yeye aliona nimemsaidia kama mtu anavyosaidia kushusha sufuria, na mimi sikufungua mdomo.

Siku hizi nasema mapema, kwenye simu, siku anayonipigia. Sinia lina bei yake, kipaza kina bei yake. Usingoje kulisema ukumbini. Pale utaonekana unamtega mtu aliyebanwa. Mara ya kwanza mama alicheka. Mara ya pili akauliza ni kiasi gani. Akapeleka kwa kamati, na kamati hazishangai, kwa sababu kwenye bajeti ya harusi mshereheshaji ana fungu lake toka mwanzo. Hela ipo. Ni wewe ndiye haumo kwenye karatasi.

Na usikope kwa bosi wako. Nilichukua elfu thelathini nilipougua. Ukaja usaili Dar, siku hiyohiyo kuna sendofu. Ningeanzaje kumwambia siji, na deni lake liko shingoni? Nikagawa pilau, nafasi ikaenda kwa mwingine. Kama unabanwa, kopa kwa mtu asiyekupangia Jumamosi zako.

Juzi mama kanipigia.

"Mwanangu, kuna shughuli Nianjema. Utashika sinia au kipaza?"

"Vyote, mama, kila kimoja na bei yake."

"Hayo nimeshamwambia mwenyekiti wa kamati. Na ndafu je?"

"Ndafu iko kwenye bei ya sinia. Ila safari hii nakuja na shati la mikono mifupi."