Mkono wenye ganzi na bima inayokaribia kwisha

Dada wa Moshi, umeandika kuwa mkono wa kulia unakufa ganzi ukiwa kwenye cherehani, daktari kasema neva zimebanwa juu ya mbavu ya kwanza (kitaalamu thoracic outlet syndrome), na ameshauri mbavu itolewe kabla bima ya kazini haijaisha mwezi ujao. Usikimbilie.

Mkono ukivimba, ukibadilika rangi au ukiwa wa baridi, hapo huenda ni mshipa wa damu uliobanwa: nenda hospitali ya KCMC leo. Lakini tatizo hili likiwa la neva tu, madaktari wenyewe wanabishana juu yake, maana hakuna kipimo kimoja kinachoithibitisha. Na bima hailipi tatizo lisilo na jina, hivyo jina huweza kuandikwa kwenye fomu mapema kuliko ushahidi.

Je, umepimwa umeme wa neva za mkono? Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku mara nyingi hutoka kwenye neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, na upasuaji wake ni mdogo mno. Shingo nayo ikaguliwe. Halafu fiziotherapia (tiba ya mazoezi) miezi 3, na pandisha kiti mpaka mabega yashuke unaposhona.

Utafiti wa mwaka 2000 jimboni Washington, Marekani, kwa wafanyakazi waliolipiwa fidia ya kazini, ulikuta asilimia 60 bado hawawezi kazi mwaka mmoja baada ya upasuaji huu. Pafu linaweza kutobolewa, neva kujeruhiwa.

Ukiamua kupasuliwa, omba kibali cha bima kwa maandishi, kitaje na fiziotherapia ya baadaye.