Diski ikigoma, mtafute kwanza aliyeishika

Ninyi mnaoanza kusimamia seva za Linux, kuna jibu mtakalokutana nalo mapema: "Device or resource busy". Unataka kuifomati patisheni (kipande cha diski), kerneli, yaani kiini cha Linux, inakataa. Unapiga lsof, kimya. Unapiga fuser, kimya. Hapo wengi hutafuta namna ya kulazimisha, au huizima seva na kuiwasha upya. Nawaomba msifike huko haraka.

lsof na fuser hukuonyesha programu zilizofungua faili. Anayeishika diski mara nyingi si programu yoyote, ni kerneli yenyewe. Mfumo wa faili ukimauntiwa (ukiunganishwa na saraka ili utumike), swap (nafasi ya diski inayosaidia memori) ikiwashwa, RAID ya md (diski kadhaa zilizounganishwa), LVM (diski zilizogawanywa kwa programu) au dm-crypt (usimbaji wa diski) ikiamka, kila mmoja huidai diski awe nayo peke yake. Kerneli humtambua mshikaji kwa anwani tu ndani ya memori, bila namba ya programu. Akija mwingine mwenye anwani tofauti, anarudishiwa EBUSY, lile jibu la "busy". Akirudi yuleyule, anapita. Patisheni moja ikishadaiwa, diski nzima nayo hutiwa alama: patisheni jirani bado zinaweza kuchukuliwa na wengine, lakini diski nzima haitolewi tena kwa mtu. Ndiyo maana mkfs, amri ya kufomati, hugoma kuishika sda (diski nzima) hata kama inayotumika ni sda3 (patisheni yake) peke yake.

Basi muulizeni kerneli. Anzeni na lsblk, ambayo huchora nani amekaa juu ya nani. Habari hiyo imo kwenye saraka ya holders ndani ya /sys/block, na ukiona dm-0 humo (kifaa cha LVM au dm-crypt), dmsetup ls --tree itakuambia ni nini. Ila holders huonyesha vifaa vilivyojengwa juu ya diski tu. Maunti na swap hazimo, kwa hiyo saraka tupu haimaanishi diski iko huru. Angalia pia findmnt, inayoorodhesha maunti, na /proc/swaps.

Ukivimaliza vyote hivyo na bado inagoma, fikiria kontena, yaani programu zilizotengwa kama ndani ya chumba chao. Kontena ina orodha yake ya maunti. Wewe ume-umount upande wako na findmnt yako haioni kitu, kumbe nakala ya maunti ileile inaishi ndani ya kontena iliyowashwa zamani, na mfumo wa faili haujaiachia diski. Tafuta jina la kifaa kwa grep ndani ya /proc/*/mountinfo ukiwa root. Utapata namba ya programu inayoishi kwenye orodha hiyo. Hapa ndipo umount -l (umount isiyosubiri) huwaponza watu: inaificha maunti machoni pako, lakini diski inabaki imeshikwa hadi mtumiaji wa mwisho aondoke.

Kuachia huanzia juu kushuka chini: umount au swapoff, kisha vgchange -an, cryptsetup close, mdadm --stop. Mpangilio hutegemea seva ilivyojengwa, kwa hiyo fuata mchoro wa lsblk, usikariri.

La kuogopwa zaidi ni hili. Madai hayo ya kuishika diski humzuia yule tu anayeomba upekee kwa O_EXCL (alama ya kuomba upekee) wakati wa kufungua kifaa. mkfs na wipefs, inayofuta alama za mfumo wa faili, huomba. dd, amri ya kunakili data moja kwa moja, haiombi, ukiwa root itaandika juu ya diski iliyomauntiwa bila neno, na data imekwenda. Kuanzia kerneli 6.8 ya mwaka 2024 kuna chaguo la CONFIG_BLK_DEV_WRITE_MOUNTED, ambalo likizimwa kerneli hukataa kuandikiwa moja kwa moja kwa diski iliyomauntiwa. Kwa kawaida huja likiwa limewashwa, kwa hiyo usilitegemee kabla hujakagua seva yako. Na kabla ya dd yoyote, itaje diski kwa njia yake ya /dev/disk/by-id, ilinganishe serial (namba yake ya kiwandani) na ile iliyobandikwa kwenye diski yenyewe, kwa sababu sda ya leo inaweza kuwa sdb seva ikiwashwa upya.