Busti ya tabo na hewa ya Dodoma: majibu kwa wasomaji

Kaka, Forester yangu ya tabo ilikuwa inaruka nilipokuwa Dar. Nimehamishiwa Dodoma kikazi, naona imelegea. Nikiongeza busti itarudi kama zamani? (Mtumishi, Kisasa)

Karibu makao makuu. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukumia hewa kwenye injini; busti ni mgandamizo wa hewa hiyo ya ziada. Gari yako huenda haina ugonjwa wowote, hewa ndiyo nyepesi. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama bar 0.89, Dar ni 1.01. Geji ya busti kwa kawaida inasoma kile tu kinachozidi hewa ya nje. Ikionyesha 0.8 ukiwa Dar, injini inapata 1.81. Ikionyesha 0.8 hiyohiyo hapa, inapata 1.69.

Ili ulingane na Dar, geji inabidi isome 0.92. Tofauti unaiona ndogo, lakini muulize tabo: kule ilikuwa inakandamiza hewa mara 1.8, hapa itavuka mara 2. Itazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi, na joto hilo ndilo linaloleta kugonga (mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya injini) na kutoboa pistoni. Ongeza jua la saa nane mchana mwezi wa Novemba, upate picha kamili.

Kwa hiyo anza na vya bei rahisi. Badilisha ea klina, maana vumbi letu mnalijua. Halafu kagua mipira ya intakula, kile kipoza hewa ya tabo kinachokaa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Fundi aingize upepo kidogo kwenye njia ya hewa, injini ikiwa imezimwa, na kupaka povu la sabuni kwenye kila klipu. Panapotoa mapovu ndipo nguvu yako inapoishia.

Fundi anataka kunifungia koki ya shaba ya kuongeza busti kwa mkono. Anasema haihitaji kompyuta. Nikubali? (Nkuhungu)

Koki yenyewe siyo mbaya. Tabo ina kilango kinachopitisha moshi pembeni ili isizidishe kasi, na kilango hicho hufunguliwa na upepo wa busti kupitia mpira mwembamba. Ndani ya koki mna kigololi na springi vinavyouchelewesha upepo huo usifike mapema. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Kinachonitia shaka ni hilo la "haihitaji kompyuta". Hewa ikiongezeka, mafuta lazima yaongezeke na cheche zicheleweshwe kidogo. Tena gari hizi za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya oktani ya juu, karibu 100, inayostahimili kugonga. Bila geji ya busti na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye ekzosi, fundi wako anabahatisha kwa hela yako. Ukiwa na bajeti, funga solenoidi yenye matundu matatu, yaani koki ya umeme, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ipangwe upya: busti itapanda taratibu, na injini ikianza kugonga itashushwa yenyewe.

Na huo mpira mwembamba uwe mpya. Ukichomoka, kilango hakifunguki tena.

Mark II yangu ya 1994 yenye tabo mbili ikikanyagwa sana inakata ghafla kama imeishiwa mafuta. (Chang'ombe)

Kuna mtu aliongeza busti kabla yako, au kilango kimekwama. Kontroli boksi ikiona imezidi inakata mafuta makusudi, ili kuokoa injini. Usikubali kufungiwa kifaa cha kuidanganya! Isitoshe, injini za 1JZ za tabo mbili kama yako zina mapanga ya seramiki upande wa moshi, na hayo yakizidishiwa busti huvunjika. Rudisha busti ya kiwandani, kisha pima presha ya pampu ya mafuta.

Je, Hilux ya dizeli nayo inaongezwa busti? (Kibaigwa)

Inaongezwa, ila kwa dizeli nguvu inatokana na mafuta, busti inafuata. Ukiongeza hewa peke yake utaona tofauti ndogo. Ukiongeza mafuta peke yake utatoa moshi mweusi hadi Gairo na kuchemsha tabo. Kama unabeba mahindi, baki na ya kiwandani.

Niijaribu wapi nikishapandisha? (Area D)

Siyo barabara ya Singida, kuna ng'ombe. Tafuta fundi mwenye mashine ya kupimia nguvu ya magurudumu, hata kama ni kusafiri hadi Dar. Ila akupangie kwa hewa ya huku unakoishi.