Shelisheli na Morisi: achana na dola za siku ile

Mkuu, unauliza kwa nini kwenye grafu yako pato la kila mtu la Shelisheli linaporomoka zaidi baada ya 2008 kuliko la Morisi. Umetumia dola za siku ile, yaani pato lililogeuzwa dola kwa bei na kiwango cha kubadilishia fedha cha mwaka husika, ndiyo maana. Novemba 2008 Shelisheli iliiachia rupia yake ielee sokoni, ikashuka thamani vibaya, kwa hiyo pato lile lile likawa dola chache. Uzalishaji wenyewe haukuanguka kiasi hicho. Benki ya Dunia wana takwimu za bei za mwaka mmoja wa msingi, zilizorekebishwa kwa uwezo wa kununua, yaani kwa kile ambacho fedha inanunua katika kila nchi. Tumia hizo. Na kigawanyo, yaani idadi ya watu, usikiamini kirahisi: Shelisheli nzima ni watu laki moja na ushee, Temeke ya Dar es Salaam peke yake inawazidi mara kadhaa. Makadirio yakikosea watu elfu tano tu, wastani umeshayumba.